Toa Kumi na Mbili

Mafundi wawili walirudi Jumatatu mchana, wakavua viatu vyao vya matope nje ya mlango wa mhandisi, wakaingia na soksi. Mama Rula aliwaona kutoka kwenye meza yake ya kuchorea na moyo ukamshuka. Wangekuwa na habari njema wangeingia na viatu.

Mlango haukufungwa, kwa hiyo alisikia kila kitu.

"Hakuna kitu, mhandisi," alisema mmoja. "Kituo namba saba kimeangukia bwawani. Bwawa kabisa, lenye maji. Namba nane kimeangukia makaburini. Tumezunguka asubuhi nzima tukitafuta vigingi, hatujaona hata kimoja."

"Vyenye rangi nyekundu kichwani?"

"Vya nyekundu, vya bluu, vya rangi yoyote. Tumekuta ng'ombe tu. Nao walitushangaa."

Mama Rula aliweka penseli chini. Ramani ile aliichora yeye. Ilikuwa ramani ya mpango wa vituo vya kuchajia magari ya umeme kanda nzima, vituo kumi na kimoja: sita kwenye barabara ya magharibi, vitano kwenye barabara ya kaskazini. Aliyevipima vyote alikuwa mume wake, mpimaji wa ofisi ile ile, na alikuwa na miezi minne kaburini.

Jina la Mama Rula alipewa na vijana wa ofisini kwa sababu hakuwahi kuchora mstari kwa kompyuta bila kuujaribu kwanza kwa rula ya mbao juu ya karatasi. Walimtania, naye aliwaacha watanie. Tangu msiba walikuwa wamepunguza utani, na hilo nalo lilimchosha. Kila mtu alimsalimia kwa sauti ya chini kama anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Mhandisi alimwita. Alikuwa binti mdogo kuliko kazi yake, mwenye adabu, na macho mekundu ya mtu anayesoma taarifa hadi kwenye chakula.

"Kaa, mama."

"Nikikaa sitainuka, mwanangu. Sema tu."

"Mpango unaondoka Ijumaa saa sita mchana. Wizara wameshasema, kituo kisicho na kigingi hakiingii. Vile sita vya magharibi viko sawa, kila kigingi kimekutwa mahali pake. Hivi vitano vya kaskazini..." Alitazama karatasi badala ya kumtazama yeye. "Nitalazimika kuvitoa. Kaskazini itasubiri awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

Kwenye kanda ile kulikuwa na daraja lililokuwa likisubiri awamu ya pili tangu Mama Rula akiwa hana mvi.

"Na utaandika nini kwenye sababu?"

"Kuna maneno yao, mama, si yangu. 'Vipimo vya mpimaji havikuaminika.' Hatumlaumu marehemu. Alikuwa mgonjwa, sote tunajua."

"Mwezi wa tatu hakuwa mgonjwa," alisema Mama Rula. "Alipopima kaskazini alikuwa mzima. Alianza kuumwa mwezi wa tano."

"Basi nipe cha kuandika," alisema mhandisi polepole. "Hadi Ijumaa. Nakuomba kweli, mama, hata mimi sipendi kuviandika hivyo."

Mama Rula alirudi mezani. Miaka ishirini na mbili mume wake alikuwa amepigilia vigingi vya nguzo, vya transfoma, vya mitaro, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuitwa uongo. Sasa kazi yake ya mwisho ingebaki kwenye faili na mstari ule mmoja juu yake.

*

Jumanne asubuhi alitoa madaftari mawili kwenye droo. La kahawia lilikuwa la barabara ya magharibi, la bluu la kaskazini. Yalikuwa bado na harufu ya gari: vumbi, petroli, maganda ya machungwa.

Namna walivyofanya kazi, yeye na mume wake, hakuna kitabu kingekufundisha. Mpimaji akirudi safari alioga, akala, kisha akakaa upande wa pili wa meza nyumbani, daftari mkononi, na kumsomea mkewe vipimo. Yeye aliandika. "Kituo cha kwanza, thelathini na tano nukta mbili, kulia." "Kulia." "Cha pili, sabini nukta tisa, kushoto." "Kushoto." Kati ya kipimo na kipimo alisimulia mambo ya njiani, nani kagombana na nani, lori gani limeanguka na limemwaga nini. Madaftari yenyewe Mama Rula hakuyasoma kamwe. Kwanza mwandiko ulikuwa wa kuku. Pili, hakukuwa na haja, mwenyewe alikuwepo.

La kahawia walilisoma hivyo. La bluu hawakuwahi. Kazi ilikuwa haina haraka wakati ule, kisha ukaja ugonjwa, kisha yakaja mengine. Baada ya msiba Mama Rula alilifungua peke yake na kunakili tarakimu moja baada ya nyingine, akiifuta miwani kila ukurasa.

Sasa aliweka daftari la kahawia kando ya ramani iliyokubaliwa, akaanza kulinganisha. Kituo cha kwanza kwenye ramani: thelathini na tano nukta mbili. Kwenye daftari: thelathini na nane nukta sita.

Alidhani macho yamechoka. Akaenda cha pili. Ramani sabini nukta tisa, daftari sabini na nne nukta tatu. Cha tatu hivyo hivyo. Vyote sita vilitofautiana kwa tatu nukta nne, bila kupungua wala kuzidi.

Aliegemea kiti. Tatu nukta nne zilikuwa kilomita kutoka getini kwao hadi lango la ofisi. Ramani zote za ofisi huanza kuhesabu langoni. Lakini mume wake alilala na gari la kazi nyumbani na kuondoka alfajiri. Komeo la geti lao lilikuwa bovu, lilifungika kwa ndani tu, kwa hiyo kila safari mke alimsindikiza na kanga mabegani, akafunga nyuma yake. Mpimaji aliposikia komeo likigonga chuma, alibonyeza kitufe cha ile mita ndogo ya safari kwenye dashibodi, ikarudi sifuri. Ofisini alipita tu. Halafu jioni, mezani, alizitoa zile tatu nukta nne kichwani huku akisoma na kusimulia habari za malori.

Miaka yote hiyo hakusema. Labda aliona halina maana ya kusemwa.

Mama Rula alicheka peke yake, kicheko kifupi, na kijana wa meza ya jirani akageuka kwa hofu.

"Siumwi," alimwambia. "Endelea na kazi."

Alipunguza tatu nukta nne kwenye vituo vitano vya kaskazini, akafungua picha za angani kwenye kompyuta. Namba saba kikatoka bwawani kikaangukia shamba la mtu. Namba nane kikatoka makaburini kikaangukia korongo. Kicheko kikakauka.

Bado kulikuwa na kitu kimezidi. Maelezo ya daftari la bluu yalikuwa mafupi kuliko ya lile la kahawia, maneno mawili matatu, kama mtu anayebana pumzi. Lakini kwenye namba tisa aliandika: *Kushoto, mkabala na tangi la bati. Uwanja wa malori.* Tangi la bati barabara ile lilikuwa moja tu. Mama Rula alilitafuta pichani hadi shingo ikauma, akalipata. Kutoka lango la ofisi hadi kwenye tangi ilikuwa mia moja na kumi na mbili nukta sita. Daftari lilisema mia moja ishirini na nne nukta sita.

Tofauti kumi na mbili kamili. Tatu nukta nne za nyumbani hadi ofisini zilieleweka. Zilibaki nane nukta sita, na hizo hakuzijua.

*

"Nane na ushee," alisema Breki, dereva wa ofisi, Jumatano asubuhi. Walimwita Breki kwa sababu alizikanyaga hata alipokuwa abiria. "Kwa hiyo mzee alitoka hapa getini kwako, akaenda mahali, akarudi, ndiyo akashika barabara ya kazi."

"Ndivyo hesabu inavyosema."

"Kwenda na kurudi. Basi mahali penyewe ni nne nukta tatu."

"Nne nukta tatu."

"Upande wa ofisi haiwezekani, angekuwa anapita tu. Ni upande ule mwingine." Breki alikuna kidevu. "Alfajiri, mke anajua kaenda kazini... Mama, mwanaume akipotea kilomita nne hivi, huko mara nyingi kuna nyumba ndogo yenye mapazia mazuri."

Aliposema akaona uso wake, akazikanyaga breki.

"Nisamehe, mama. Mdomo wangu huu haujawahi kwenda shule."

"Washa gari," alisema Mama Rula.

Aliingia, akafunga mlango, na Breki akabonyeza mita ikasoma sifuri. Wakageuka kuelekea upande usio wa ofisi. Mama Rula alikaa mikono mapajani. Hakuwa amelala vizuri, na si usiku ule mmoja tu. Alikuwa amejiambia kwamba msiba umeshamchukulia kila alichokuwa nacho, hakuna tena cha kumtisha. Kumbe kilikuwepo. Aliangalia nyumba zikipita, akitazama kila pazia lenye maua.

"Moja nukta tano," alisema Breki. Walipita gereji. "Mbili kamili." Shule, kelele za mapumziko. "Tatu na nusu." Duka la mbao, kinyozi, nyumba ya kijani yenye mwanamke aliyekuwa akianua nguo. Mama Rula alimtazama yule mwanamke hadi shingo ikageuka. Gari halikusimama.

"Nne nukta moja. Nne nukta mbili." Breki alipunguza mwendo. "Nne nukta tatu, mama."

Walikuwa mbele ya geti la nyuma la hospitali ya kanda.

Mlinzi alitoka kwenye kibanda chake, akainama dirishani.

"Mmekuja kliniki ya damu? Piteni. Wanaanza mapema, saa kumi na mbili watu wameshapanga foleni. Ni Jumatano tu, msipoiwahi leo hadi wiki ijayo."

Mama Rula alifungua daftari la bluu kwenye ukurasa wa kwanza. Juu kabisa, kwa ule mwandiko wa kuku: *Jumatano.*

"Asante, baba," alimwambia mlinzi. "Tumeshafika, tunarudi."

Breki aligeuza gari taratibu, kama aliyebeba mayai. Walipofika kwenye duka la mbao alisema, "Pole, mama," na Mama Rula akaitika kwa kichwa. Alikuwa akihesabu. Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano. Siku ile alimfungia mumewe geti, akamwambia asisahau kununua betri za redio. Alirudi baada ya siku tatu akiwa nazo.

*

Wifi yake alikuwa jikoni akichambua mchele. Alikuja kwa msiba, akabaki. Mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, ila siku hizi aliitumia kwa nusu.

"Umerudi mapema. Umefukuzwa?"

"Wifi, kaka yako alianza lini kwenda kliniki ya damu?"

Vidole vilisimama juu ya sinia. Havikusimama kwa mshangao. Mama Rula aliliona hilo na akavuta kigoda, akakaa.

"Nani amekwambia?" aliuliza wifi.

"Gari."

"Gari?"

"Gari limeniambia. Wewe uliyeko hapa miezi minne, unakula na mimi, unalala chumba cha pili, hukuniambia."

"Alinikataza."

"Alikuwa hai akikukataza. Alipokufa nani alikukataza?"

Wifi alisukuma sinia. "Ningekwambia nini? Kwamba alijua tangu mwezi wa pili? Kwamba nilimwambia, kaka, mwambie mkeo, akaniambia niache amalize kaskazini kwanza? Ulikuwa ukilia kila siku kwamba tungejua mapema tungefanya kitu. Nikwambie yeye alijua mapema? Ungenichukia mimi au ungemchukia yeye?"

"Wote wawili."

"Ndiyo maana nilichambua mchele."

Bomba la uani lilidondosha maji kwenye ndoo. Alifikiria daftari la bluu, na hapo ndipo alipoelewa kwa nini mpimaji yule, aliyepiga kigingi mara mbili kikiinama kidogo, hakuandika popote zile kilomita zilizozidi. Angeziandikaje? Msomaji angekuwa mke wake. Alipanga kukaa mezani kama siku zote, asome, atoe kumi na mbili badala ya tatu nukta nne, asimulie habari za malori. Mkewe angeandika kulia, kushoto. Asingejua kamwe.

Ila alichelewa kusoma.

"Alisema nini daktari?" aliuliza mwishowe.

"Mwaka, au chini. Alisema chini."

"Na alienda kupima barabara."

"Alisema kule ndiko pekee ambako hakuna mtu angemwangalia usoni." Wifi alifuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na pumba. "Una njaa?"

"Sina."

"Utakula hivyo hivyo."

*

Alhamisi asubuhi walikwenda watatu: Mama Rula, Breki na mhandisi, ambaye alivaa buti kubwa alizoazima. Kwenye daftari kituo namba saba kilikuwa hamsini nukta moja. Wakatoa kumi na mbili. Breki alianzia sifuri langoni mwa ofisi na kusimama kilomita thelathini na nane nukta moja, pembeni ya uwanja mkavu wenye mti mmoja wa miiba na laini ya umeme ikipita juu.

Nyasi zilikuwa zimefika magotini. Walitembea huku na huku kama watu waliopoteza funguo. Mhandisi ndiye aliyekikanyaga. Aliinama, akapangua nyasi kwa mikono.

Kigingi kilikuwa kimenyooka wima. Rangi nyekundu ilikuwa imepauka upande wa jua, ila upande mwingine ilikuwa mbichi kama ya jana.

"Mama," aliita, na sauti ikapanda kama ya mtoto. "Mama, kipo!"

Breki alipiga picha kwa simu, akapima kwa kamba hadi kwenye nguzo, akasoma namba kwa sauti ambayo ungedhani anasoma matokeo ya mpira. Mama Rula alisogea, akaweka mkono juu ya kile kipande cha mti. Kilikuwa na joto la jua tu. Alikitikisa. Hakikutikisika.

"Ningefurahi kidogo angekipiga kimepinda," alisema. "Ningejua alichoka."

Walirudi hadi kwenye gari. Mhandisi alitoa fomu ya marekebisho, akaiweka juu ya boneti.

"Mafundi watakwenda kwenye vingine vinne mchana huu, wakinipigia tu vimepatikana, vinaingia. Ila hapa nahitaji sababu ya kutoa kumi na mbili." Alisita. Breki alikuwa ameshamweleza, ilionekana. "Naweza kuandika kosa la kunakili. Hakuna atakayeuliza. Si lazima mambo ya nyumbani yaende wizarani, mama."

Mama Rula alifikiria. Kosa la kunakili lingekuwa lake, na angelibeba bila shida. Lakini ingekuwa mara ya pili mtu anaficha ile asubuhi, na yeye alishaona madhara ya kuficha.

"Nipe kalamu," alisema.

Aliandika bila rula: *Mita ilianza getini nyumbani kwa mpimaji. Kabla ya safari alipita hospitali ya kanda kwa matibabu, akaendelea na kazi. Vipimo ni sahihi. Toa 12.0 kila kituo.*

Mhandisi alisoma, akasoma tena, akaweka sahihi yake chini.

*

Hadi saa kumi na moja jioni simu ilikuwa imelia mara nne, na mara nne ilikuwa "kipo". Cha namba tisa mafundi walikuta mtu amekifungia mbuzi, lakini kilikuwepo.

Kilichobaki ni kuhamisha tarakimu zote upya, za kila kituo na za kila nguzo iliyo kati ya vituo, kurasa kumi na nne. Mama Rula alizichukua nyumbani. Alitandaza karatasi mezani, akachonga penseli, akafungua daftari la bluu. Macho yaligoma. Mistari ilicheza.

"Lete hapa," alisema wifi akijifuta mikono. Alivuta kiti cha upande wa pili, kile ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba, akakikalia kwa uzito wake wote. "Mwandiko wa kaka yangu naujua tangu darasa la kwanza. Mimi nasoma, wewe andika. Natoa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Hamsini nukta moja. Toa kumi na mbili..." Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Thelathini na tisa."

"Nane."

"Thelathini na nane. Hesabu na mimi tuliachana zamani. Nukta moja. Kulia."

"Kulia," alisema Mama Rula, akaandika.